Nzi Hawana Idi

Nzi hawana Idi. Hivyo ndivyo Retno Palupi alivyowajibu watu kila mwaka, Ramadhani ilipoingia kumi la mwisho na wenzake wakaanza kufunga mizigo. Wao walikuwa na tiketi za treni mifukoni na orodha ya zawadi za shangazi zao. Yeye alikuwa na nzi.

Walikuwa nzi kwelikweli, msidhani natania. Ile maabara ya jenetiki, ghorofa ya pili katika chuo kikuu kimoja cha Yogyakarta, ilikuwa inafuga nzi wa matunda, vile vidudu vidogo vya macho mekundu vinavyozunguka papai lililoiva kupita kiasi. Vilikaa ndani ya chupa zilizozibwa kwa pamba, rafu juu ya rafu, kila chupa ukoo wake: hawa wenye mabawa ya kukunjamana, wale wenye macho meupe, wale wasiokuwa na tofauti yoyote mpaka uwaangalie kwa hadubini. Kila baada ya muda ilibidi wahamishiwe chupa mpya yenye uji mpya wa mahindi, sukari na hamira. Ukichelewa, uji unaoza, ukuvu unaingia, na ukoo uliotunzwa tangu enzi za profesa aliyestaafu unakwisha kama mshumaa. Kwa hiyo lazima mtu abaki. Na kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa Retno, mtunza nzi mkuu, mwenye umri wa miaka arobaini na kitu, asiye na mume, asiye na mtoto, mwenye mikono mizuri kuliko wote pale katika kushika kiumbe ambacho ukikishika vibaya kinakufa.

Watu wakamfanya mtakatifu. Profesa Widyaningsih, mkuu wa maabara, alimletea kila mwaka kopo la biskuti, akamwambia, "Bila wewe tungekwisha." Retno aliinamisha kichwa kwa adabu, akalipokea. Hakuna aliyejiuliza mbona kwao Wonosari si mbali. Basi la asubuhi linakufikisha kabla chai haijapoa, jioni ukarudi ukahudumia nzi wako. Angetaka kwenda angekwenda.

Hakutaka. Alikuwa anakimbia swali moja.

Kwa Wajava swali hilo huandaliwa pamoja na chai. Utaolewa lini? Halina ubaya, watu huuliza kama wanavyouliza habari za mvua. Lakini mara ya mwisho Retno alipokwenda kula Idi nyumbani, aliulizwa na shangazi Painem, akaulizwa na mke wa imamu, akaulizwa na muuza barafu aliyekuwa anapita njia tu. Shangazi Painem aliongeza, mbele ya sebule nzima, kama labda anangoja mwana wa mfalme, basi ajue kwamba yule wa Yogyakarta kashaoa. Watu walicheka mpaka vikombe vikatikisika. Hata hayo angeyameza. Lililomshinda ni la mama yake. Asubuhi ya Idi watoto hupiga magoti mbele ya wazazi, kipaji cha uso juu ya mapaja ya mzazi, wakaomba radhi kwa makosa ya mwaka mzima, na mzazi humwekea mtoto mkono kichwani, akamwombea kwa sauti. Mama yake aliomba, kaka na mdogo wake wakisikia: "Mungu amsogeze karibu mwenzi wako, mwanangu, nisife sijamwona." Retno aliinuka pale uso ukimwaka kama aliyepigwa kofi.

Tangu hapo ikawa ni nzi. Dua ileile ikamfuata kwa simu kila Idi, naye ikifika pale huiondoa simu sikioni, akairudisha ikishapita.

Kazini alijua kujikinga. Katika kazi ya nzi kuna jambo moja lisilokwepeka: ukitaka kupandisha ukoo huu na ule, lazima majike yawe mabikira. Jike la nzi likishatoka kwenye kifuko chake, halikai muda mrefu kabla dume halijalifikia, na likishafikiwa mara moja linatunza mbegu ya dume huyo, kazi yako yote imeharibika. Kwa hiyo mtu huamka alfajiri, akatoa nzi wote waliokomaa, kisha hurudi kabla muda haujapita, akayatenga majike machanga yangali meupe na doa jeusi tumboni. Hii inaitwa kukusanya mabikira, na hakuna mwanafunzi aliyepita pale bila kucheka. Retno alicheka kabla yao. "Karibu," alimwambia kila mgeni, "mimi ndiye mlinzi wa mabikira, na mimi mwenyewe ndiye mkuu wao." Ukishajipiga mwenyewe, wenzako wanaona haya kuongeza. Alilijua hilo vizuri, na jioni alipokuwa anafunga mlango hakuwa anacheka.

Mwaka huo akaja Yosefa.

Yosefa Mau alikuwa mwanafunzi mpya kutoka Flores, msichana mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa kuliko sauti. Siku Galih Prasojo, yule aliyekuwa anamalizia shahada ya uzamivu, alipoanza kumwelekeza Retno chupa za kutunza wakati wa Idi, Yosefa alivua miwani.

"Kwani kwa nini abaki Dada Retno? Mimi Mkatoliki. Idi yangu ni Desemba. Na nauli ya kwenda kwetu ni bei ya ng'ombe na ndama wake. Niko hapahapa. Dada, nenda kwenu, nzi niachie mimi."

Galih akapiga meza. "Umesikia, Dada? Umeletewa mkombozi."

"Mama wa watu atafurahi," akasema Yosefa.

Retno alihisi kama mtu aliyevutiwa kiti. "Na mabikira wa Galih?" akauliza. "Wanaanza kutoka siku ileile ya Idi."

"Nitakusanya mimi."

Hapo Galih akaanza kukuna shingo. Mwezi uliopita Yosefa alisahau dume mmoja ndani ya chupa ya majike. Mmoja tu. Kwa siku moja dume huyo aliharibu kazi ya wiki tatu, na Galih alikaa ngazini kama aliyefiwa.

"Ah, kaka, ile ilikuwa bahati mbaya," Yosefa akasema. "Dume lenyewe lilijificha."

"Kwako lilijificha. Kwa majike lilionekana."

Retno akaona mlango umefunguka kidogo, akaweka mguu. "Yosefa abaki na koo zote za rafuni. Hizi za Galih nitakwenda nazo mimi."

"Uende nazo wapi?" akauliza Galih.

"Nyumbani."

"Dada, watu Idi wanapeleka halua. Wewe unapeleka nzi?"

Profesa Widyaningsih alikuwa amesimama mlangoni, na ndiye aliyekata shauri. "Mama yako mzima, Retno?"

"Mzima, Mama Profesa. Macho tu."

"Basi nenda ukamwone akiwa mzima. Nzi wapakie kwenye boksi la barafu, hadubini ndogo iko kabatini." Kisha, kama aliyekumbuka jambo dogo, "Mwaka huu biskuti nitampa Yosefa."

Wote waliona ni uaminifu wa kazi uliopitiliza. Sivyo. Mwenye nzi wa kuhudumia anaweza kuinuka sebuleni wakati wowote, akasema samahani, nzi wangu, na hakuna wa kumlaumu. Retno alibeba ngao.

Njia nzima, boksi magotini, alikuwa anatunga majibu. Nikiolewa, nzi nitamwachia nani? Hapana, hilo la kitoto. Shangazi, mwana wa mfalme amenitumia salamu, anasema bado anatafuta viatu. Hilo zuri. Kwa mke wa imamu: tuombeeni, mama. Kwa muuza barafu, kana kwamba kauliza atie nini: pilipili kidogo. Alipoteremka Wonosari, takbira zilikuwa zimeanza kusikika misikitini na watoto wanapiga ngoma barabarani, naye alikuwa na jibu la kila mtu isipokuwa mama yake.

Kaka yake Suryadi alimpokea mizigo, akatazama ndani ya boksi, akacheka mpaka akakaa chini. Mkewe Menik akasema, "Sisi tunawafukuza kwa fagio, wifi yangu unawaleta kwa mizigo." Wakampa chumba cha nyuma, kile cha kuwekea muhogo mkavu, kwa kuwa kina baridi. Mama yake, Bu Tumirah, alikuja akipapasa ukuta, mdogo kuliko Retno alivyomkumbuka, ukungu umetanda kwenye jicho la kushoto. Alimshika mwanawe usoni kwa mikono yote miwili.

"Umekonda," akasema. "Nzi wamekuruhusu?"

"Nimekuja nao, Mama."

"Afadhali. Wageni ni baraka."

Asubuhi waliporudi kutoka kuswali wakakusanyika sebuleni kwa kuomba radhi. Suryadi alitangulia, ndiye mkubwa. Mama akamwombea mbuzi wake, paa lake, na bintiye Laras amalize masomo. Kisha Retno akasogea kwa magoti, kama inavyotakiwa, akalaza kipaji chake kwenye kitenge cha mama yake kilichonukia karafuu, akaomba radhi kwa makosa ya ulimi na ya moyo. Akasikia mkono ukitua kichwani. Akauma meno, akangoja.

"Mungu akupe afya," mama yake akaomba. "Akulinde barabarani. Wakubwa wako kazini wakupende. Na nzi wako wawe wazima."

Watu wakacheka, kicheko cha upendo. Retno hakuinuka. Alikuwa anangoja iliyobaki. Mkono uliondoka kichwani, ukampiga bega polepole.

"Inuka, mwanangu. Magoti yatauma."

Akainuka. Wening, mdogo wake, akasogea mahali pake.

Labda kasahau, Retno akajisemea. Mzee. Akaenda chumba cha nyuma, akatoa nzi wote waliokuwa wamekomaa usiku, akaacha chupa safi zingojee watakaotoka mchana, akarudi mbio sebuleni kwa sababu wageni walikuwa wameanza kuingia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa na haraka ya kuwaona.

Mke wa imamu aliingia, akampa mkono, akauliza kama Yogyakarta bado kuna foleni ya magari. Mwalimu wake wa zamani aliingia, akaanza neno, akalimeza, akamsifu kwa kazi yake. Jirani mmoja akauliza nzi hao wanauzwa bei gani. Kisha akaingia shangazi Painem mwenyewe, ameshikwa mkono na wajukuu wawili, sauti ikitangulia mwili mlangoni, na Retno akainuka haraka kumpokea. Alimsogezea mto. Alimmiminia chai. Alikaa karibu naye kabisa, jibu la viatu vya mwana wa mfalme likiwa tayari ulimini.

"Retno," akasema shangazi Painem.

"Naam, shangazi."

"Hii biskuti ya nanasi nani kaoka?"

"Menik."

"Tamu." Akala ya pili. Kisha akageuza shingo, akamwona Laras, binti wa Suryadi, anapita na sinia. "Na wewe, bibi harusi? Lini? Au mpaka nife ndio mnipikie pilau ya kaburini?"

Nyumba ikalipuka. Laras akajifunika uso kwa mtandio, akasema bibi jamani, mimi bado nasoma. Wakamsakama. Mke wa imamu akamtajia mpwa wake wa benki. Laras akakimbilia jikoni akicheka na kulaani, na Retno akamwangalia mpaka alipopotea, akamwonea wivu uliomtia aibu.

Akajitia ujasiri. "Mimi bado niko peke yangu, shangazi," akasema, kwa sauti ya mzaha.

Shangazi Painem alimtazama. Kwa sekunde kitu kilimpita usoni, kisha akainama, akachukua bakuli. "Kula wali huu wa ketupat, mwanangu," akasema. "Na mchuzi wa kuku uko pale. Umekonda."

Ndipo Retno alipoelewa, au alipodhani ameelewa. Swali lile linaulizwa mtu ambaye bado kuna kitu cha kuulizia. Hakuna anayemuuliza marehemu atakuja lini kutembea. Alikaa pale saa nyingi, wageni wakitoka na wengine wakiingia, anapokea mikono, anajibu habari za foleni, anangoja. Kila mgeni mpya alimpa tumaini mpaka afike kwenye biskuti. Ngao aliyoibeba magotini hakuitumia hata mara moja, maana hakuna aliyemrushia mkuki.

Alasiri ilikuwa imeingia alipowakumbuka nzi.

Aliingia chumba cha nyuma, akanyanyua chupa ya kwanza kwenye mwanga wa dirisha, na hakuhitaji hadubini. Walikuwa wametoka wengi, na si punde. Weupe wao ulikuwa umeshakwenda. Madume, yale yenye ncha nyeusi mkiani, yalikuwa yanawafuata majike kwenye kioo, bawa moja limenyooshwa linatetemeka, kama yanavyofanya yakiimba. Chupa ya pili vilevile. Ya tatu vilevile. Hakuna mtu duniani ambaye angeweza sasa kusema lipi limefikiwa na lipi bado. Yeye, aliyewafundisha wote, aliyemnyima Yosefa wa watu kazi hii kwa dume mmoja, alikuwa amewapoteza mabikira wa Galih chupa nzimanzima, kwa sababu alikuwa ameketi sebuleni akingoja kuulizwa ataolewa lini. Aliketi juu ya gunia la muhogo, akalia. Alilia kwa aibu kwanza, halafu kwa kila kitu.

Mama yake alimkuta hivyo. Alikuja akipapasa ukuta, akasimama, akasikiliza.

"Wamekufa?"

"Hawajafa. Wamechanganyika."

"Si ndiyo Idi? Watu kuchanganyika?"

Retno alicheka bila kutaka, akajifuta pua kwa kiganja. Mama yake akatafuta gunia lingine kwa mguu, akaketi.

"Mama. Shangazi Painem anaumwa?"

"Painem? Atatuzika sote yule."

"Hakuniuliza. Hakuna aliyeniuliza. Siku nzima."

Mama alikunja na kukunjua pindo la mtandio wake. "Niliwakataza," akasema hatimaye. "Suryadi aliposema unakuja, nilimwambia anishike mkono, tukapita nyumba kwa nyumba. Niliwaambia atakayemuuliza mwanangu swali lile, kwangu asikanyage. Painem nilimwapisha."

Retno akaiona ile sura iliyompita shangazi Painem, na yale maswali ya biskuti, na mwalimu wake mzee alivyokuwa anameza maneno. Mama huyu asiyeona vizuri, akipita vichochoroni mchana wa mfungo, akigonga milango kwa ajili yake. Kumbe hakuwa marehemu. Aliushika mkono wa mama yake.

"Na asubuhi?" akauliza, karibu kwa utani. "Nawe ulijikataza? Ile dua yako hukuisema."

Mama angeweza kumwacha na furaha hiyo. Hata mwenyewe baadaye alijua kwamba angeweza kuishia pale. Lakini mama yake alikuwa mtu wa kweli, na Idi ni siku ya kusema kweli.

"Hapana," akasema Bu Tumirah. "Watu niliwakataza. Dua sikuikataza. Hiyo iliisha yenyewe, kitambo. Kwenye simu nilikuwa naisema kwa mazoea tu, nawe najua ulikuwa husikilizi. Siku moja nimeinua mikono baada ya swala, nikafika pale pako, nikakuta hapana neno. Usinikasirikie, mwanangu."

"Sijakasirika, Mama."

Na kweli hakukasirika. Aliona baridi tu, kama mtu aliyekuwa anaegemea ukuta miaka yote, akiulalamikia ugumu wake, kisha ukaondolewa.

Mama akasogea, gunia likalia chini yake. Aliinua mkono, akaupapasa uso wa Retno, akapanda juu mpaka akakipata kichwa, akautuliza pale.

"Lakini kukuombea nzi peke yake nimeona si vizuri," akasema. "Asubuhi nilikosa la kuongeza. Basi niambie mwenyewe. Unataka nikuombee nini?"

Retno akafungua mdomo. Alikuwa na jibu la shangazi Painem, na la mke wa imamu, na la muuza barafu, amekuwa akiyanoa miaka mingi kwa swali jingine. Alitafuta. Huko sebuleni Painem alikuwa anaaga, hamalizi kuaga, na watu walikuwa wanamcheka. Mama yake alingoja, mkono uleule kichwani, jicho lake la ukungu limeelekea dirishani, na Retno aliendelea kutafuta.